Kovu la Vitalia Likiwasha

Mwanangu Gaudiosa,

Kabla hakujapambazuka niliamshwa na kucha za Vitalia zikikwaruza kovu lake la moto. Usimfunge tena soksi mikononi. Ameniambia, "Bibi, mama amechoka na mimi." Najua unaogopa asijichune. Likiwasha, weka kitambaa chenye maji baridi, lipapase taratibu, kisha mpake mafuta ya mgando. Sweta linamwasha, avae fulana ya pamba ndani. Kucha nimemkata.

Asante kwa viazi ulivyonifungia, hata baada ya kugombana jana kuhusu soksi hizo.

~~Nitarudi mwezi ujao.~~ Magoti hayawezi tena safari ya basi. Kule kwangu Lituhi nikiamka hakuna wa kumpapasa. Njooni ninyi mnitembelee, hata siku mbili tu.

Bibi