Ngoja kwanza amalize gari

Uko wapi wewe? Nijibu.

Ile laptop ya kaka ya kupigia muziki garini nimemaliza. Si unajua ameifunga chini ya kiti cha gari, akitaka kuiwasha mpaka apige magoti? Nikaifungua, nikachomelea nyaya mbili kwenye swichi yake, nikazipitisha chini ya kapeti mpaka kwenye kitufe kipya, nimekificha chini ya usukani. Asubuhi nzima mgongo umepinda. Eti damu nzito kuliko maji.

Nikabonyeza kujaribu. Kumbe hakuwa ameizima, ilikuwa imelala tu! Ikaamka, ikaendelea pale alipoiachia. Sauti ya kaka mwenyewe, spika zote za gari, ujumbe wa sauti aliomtumia wifi, mkewe:

"Harusini usimwalike. Atakuja na kucha zake za grisi atuaibishe mbele ya wakwe. Ila usimwambie sasa. Ngoja kwanza amalize gari."

Ngoja kwanza amalize gari!! Mimi! Shangazi wa bibi harusi!

Kaka yuko pembeni yangu, anapapasa kitufe, hakioni. "Zima! Zima basi!"

Nikamwambia, subiri, nasikiliza kama sauti inatoka vizuri. Kidole kiko juu ya kitufe na sikubonyeza. Tukasikiliza mpaka mwisho.

Unajua alisema nini? "Umefunga vizuri, mdogo wangu. Asante."

Asante!

Na kweli nimefunga vizuri. Hakuna hata waya mmoja unaoonekana. Hiyo ndiyo inayoniuma.