Shada la Kwanza la Violet

Mama Tito, nimetoka makaburini sasa hivi. Nina hasira mpaka basi.

Ferdinand wa kamati ya mazishi ya jumuiya yetu huku ughaibuni kasoma wasifu wa Violet: kazaliwa Moshi, kaimba kwaya, alipenda kupika. Kupika! Violet aliyeunguza hata chai! Miaka yote aliyopigania haki za wanawake wanaopendana, Ferdinand hakuitaja hata kwa neno moja.

Ikaja zamu ya mashada. Unajua kwetu mwenzi ndiye anayetangulia. Chelagat, aliyeishi naye na kumuuguza mpaka mwisho, akasimama. Ferdinand akasema kwenye maiki, "Dada, marafiki mtasubiri. Familia kwanza."

Marafiki! Mbele ya jeneza!

Nikaenda nikampokonya maiki. Ananinong'oneza, "Mama, kuna watoto hapa." Nikamwambia, "Wangu wawili wapo, na wanamwita Chelagat shangazi." Nikatangaza, "Mjane wa marehemu aje aweke shada."

Nusu ya watu wakaondoka kwenda kwenye magari. Waende. Chelagat kaweka la kwanza.

Sasa wako ukumbini Oxon Hill wanasubiri pilau yangu. Sufuria ninayo kwenye gari, naipeleka kwa Chelagat. Wakikupigia kuuliza pilau iko wapi, waambie: familia kwanza.