Karatasi Mbili za Majina

Kashebere, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kwa kaka yangu Jean-Marie, kule Itebero,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Wewe na shemeji Joséphine-Marie muko namna gani? Magoti yako yalivumilia ile safari ya miguu? Sisi huku tuko wazima, Mama anakula vizuri.

Kaka, unajua vile muzee wetu alitugawia kilima. Mimi nilikata pori langu, nikachoma makala ya kupikia, nikalima maharagi kila musimu bila kupumzisha udongo. Wewe uliacha miti, ukapanda kakao chini yake, na mimi njo nilikucheka kuliko wote. Sasa maharagi yangu yanatoka majani ya njano, na kakao yako, kabla uondoke, ilikuwa inapita mbele ya mulango wangu kila juma ikienda soko. Kila mara nilikuwa nasimama kuiangalia, roho inaniuma.

Halafu akafika Mama Sidonie, yule muchunguzi wa udongo. Alitueleza kwamba majani na mizizi ikioza inaacha kaboni ndani ya udongo, njo maana unakuwa mweusi na unashika maji. Tukikata pori na kulima bila kupumzika, ile kaboni inatoka, inapanda hewani. Udongo wako aliunusa, akasema wakulima wote wa Kashebere waje kujifunza kwako. Kwa udongo wangu hakusema kitu. Alifunga tu mufuko wa udongo wa kupeleka labo, kule wanapima udongo.

Matokeo ya labo yaliporudi, yalisema shamba langu iko tajiri, lako limechoka. Mama Sidonie mwenyewe alishangaa. Watu wakasema unachoma makala kwa siri ndani ya pori. Kwenye mukutano wa wakulima uliniangalia, ukingoja ndugu yako akutetee. Mimi niliinamisha kichwa. Kesho yake ukafunga mizigo, ukaenda kwa wakwe zako kule Itebero.

Kaka, ni mimi. Mama Sidonie alinipa mifuko niipeleke kwa gari, na njiani nilibadilisha karatasi za majina: jina lako kwa udongo wangu, langu kwa udongo wako.

Juma iliyopita, kisha misa, nilisimama nikasema yote mbele ya watu. Mama aliniambia kitu kimoja tu: "Kamurudishe mutoto wangu." Mama Sidonie naye anarudi tarehe 20 kuchimba upya, na anataka ukuwe pale.

Sitakudanganya tena: wivu bado haujaisha. Jana niliingia ndani ya pori lako, nikakuta kakao imeiva bila mutu wa kuvuna, na nilifurahi kidogo. Kisha haya ikanishika. Nimevuna yote, iko inachacha ndani ya majani ya ndizi kwako mbele ya kuanikwa, na Mama njo anashika ufunguo wa nyumba yako, si mimi.

Nisalimie shemeji na wote wa kwao. Ukikataa kuniona, nitaelewa, lakini urudi kwako.

Ndugu yako,
Michel