Mume Wangu Anakula Biskuti za Mbwa

Mpendwa Shangazi Zuleide, naomba msaada kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, maana jambo lenyewe ni la aibu na shahidi wangu ni shajara tu. Tuna mbwa, Farofa, kilo tisa, ambaye Juni nzima fataki za sikukuu zikilia hujificha chini ya kitanda akitetemeka, basi daktari wa mifugo akamwandikia dawa ya kutuliza, na Bi Ivanilde, mfamasia wetu anayechanganya dawa mwenyewe, akaitengeneza iwe vibiskuti vyenye ladha ya kuku, kimoja kwa siku, nami tarehe 9 Juni nikachukua kopo la vibiskuti arobaini nikaliweka jikoni karibu na kahawa. Tarehe 10, saa tisa alasiri, nikamkuta mume wangu Adeildo anachovya cha nne.

"Josi, hizi umezitoa wapi?"

"Kwa Bi Ivanilde."

"Mwambie aongeze chumvi. Lakini kwa kahawa, wee, zinateremka!"

Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga, kwa sababu Adeildo ni mtu wa kufoka, hufokea wali, hufokea redio, hufokea jirani akipiga chafya, na kila akifoka mimi huchora msalaba shajarani, Mei ilikuwa na misalaba sitini na miwili kama makaburini, lakini tangu tarehe 4 Juni, siku kaka yake Genivaldo alipomrudishia akordioni ya marehemu baba yao baada ya miaka sita ya kununiana, sijachora hata mmoja, nami nikaona ni kazi ya vibiskuti, nikawa namwandalia vinne kila siku kwenye kisahani huku Farofa akitetemeka. Jana vilibaki vinne, nikaenda kuomba vingine, Bi Ivanilde akanitazama juu ya miwani: "Josinalva, mbwa wako ana wageni?" Amekataa bila cheti kipya cha daktari wa mifugo. Adeildo hunywa vidonge vya presha kila asubuhi. Nimwambie ukweli nipoteze amani yangu, au nitafute cheti?

Josinalva, Caruaru, 19 Juni

*

Josinalva mwanangu, pole. Sasa kaa nikuseme.

Lisome kopo. Limeandikwa jina la nani? Farofa. Dawa ya kuchanganywa haitoki kiwandani kwa ajili ya kila mtu. Mfamasia anaipima kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kwa kilo zake, kwa ugonjwa wake, kisha anaitia ladha mgonjwa huyo aikubali. Ladha ya kuku haiigeuzi kuwa chakula. Pengine dawa ya kilo tisa haikumfanya kitu mwanamume mzima, pengine inagombana na vidonge vya presha. Wewe hujui, mimi sijui. Anayejua ni Bi Ivanilde na daktari, na wewe umekwenda kumficha ukweli huyo huyo mwenye majibu!

Leo hii chukua kopo, vidonge vya presha na mumeo mwenyewe, mwende zahanati apimwe. Useme yote, hata kile kisahani. Vinne vilivyobaki ni vya Farofa. Mpigie daktari wake umweleze kwamba mgonjwa hajaonja dawa.

Halafu, mtu wa tarehe kama wewe, huoni? Misalaba ilikoma tarehe 4. Vibiskuti vilifika nyumbani tarehe 9. Siku tano mumeo alikuwa mpole kwa kahawa tupu! Aliyemtuliza ni Genivaldo na ile akordioni, wewe ukampa sifa kuku wa kuchanganywa. Mwalike shemeji yako tarehe 24, keti kati yao, na kwenye kisahani weka keki ya mahindi.

Ukimwambia ukweli atafoka. Mwache afoke, kisha chora msalaba mmoja shajarani. Huo, mwanangu, umeuchuma mwenyewe.