Anayekuja Kuomba Chumvi

Malmö, 3 Novemba 1969

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Mguu vipi, na nguruwe mmeshachinja? Mimi na Ruža tupo, ila usiku mume wangu Pavo akiwa zamu, kuna kitu kinanikalia kifuani mpaka pumzi inakata. Juzi kilihamia kitandani kwa mwanangu Ruža. Nilimkuta midomo imekuwa ya bluu. Mama, naogopa!

Kiwandani nilikitaja kitu hicho kwa jina la kwetu, mora. Gunvor, Mswidi mwenyeji wa hapa, akaruka: "Hata sisi tunaye! Kwetu anaitwa mara. Hupanda farasi usiku, asubuhi unawakuta wamelowa jasho." Mfaransa wetu naye anaye, ila kwao amebaki mkiani mwa neno lao la jinamizi, cauchemar, hata hawamjui tena. Gunvor anadai neno lilizaliwa moja, la kale, la kugandamiza, kisha kila taifa likaondoka na kipande chake. Zdena, Mcheki, alicheka akashika mbavu: "Kwetu můra ni kipepeo wa usiku tu, shoga!"

Acheke. Mimi nifanyeje?

Mwanao, Manda

Slavonija, 12 Novemba

Manda mwanangu,

Milele amina. Wazima sisi, nguruwe bado. Siku hizi nalala kama gogo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Uzee huo.

Mora si mdudu, ni mtu hai aliyelala. Roho yake hutoka mwenyewe asijue, ikafuata inachokitamani, ikapita tundu la ufunguo. Akija, mwambie: "Njoo asubuhi nikupe mkate na chumvi." Wa kwanza kuomba chumvi ndiye. Ukishamjua, ziba tundu kwa nta ya mshumaa wa kanisani. Usimwonee huruma, hata awe nani. Mtoto kwanza.

Nimemkumbuka Ruža mpaka naumwa. Nitamwona lini mie?

Mama yako

Slavonija, Ijumaa, 21 Novemba

Manda,

Sikungoja jibu. Hamjambo? Usiku nimemwota Ruža, mnono huyo! Halafu mwanamke mmoja akanirushia ndara nyekundu. Nani yule, hana adabu? Bega linaniuma kweli. Na tangu niamke nina uchu wa chumvi. Ya hapa naiona haina ladha. Nitumie kidogo ya huko, mwanangu.

Mama yako

Malmö, 29 Novemba

Mama,

Leo siulizi hali. Alhamisi ile, usiku wa ndoto yako, Zdena alilala kwetu. Kipepeo alitua kitandani kwa Ruža, Zdena akamrushia ndara yake nyekundu. Sikukuandikia hayo. Usiku uleule nilisema maneno ya mkate na chumvi. Hakuna jirani aliyepiga hodi. Jana imekuja barua yako, unaomba chumvi.

Nimeziba tundu, huku nalia. Panda treni, mama, uje kwa miguu yako. Nakupenda. Usiku kucha kitu kilikwaruza mlango. Sikufungua. Ruža alilala fofofo.

Mwanao, Manda

Malmö, 19 Desemba

Mama,

U mzima? Wiki ya tatu hii, barua hakuna. Mlangoni nako kimya. Ruža ananenepa, mimi usingizi umenihama.

Usiku huu Ruža analala kwa Zdena. Nta nimeibandua. Mkate na chumvi viko mezani.

Njoo, mama. Nikalie mimi.

Manda wako