Jina la Tatu Kwenye Azimio

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la sahani.

Najua umeshasikia. Jana, katika ukumbi wa kiwanda cha nguo, nilisimama kama katibu wa chama cha wafanyakazi mbele ya viongozi wa chama tawala, rafiki zetu wa miaka thelathini. Nikawasomea azimio: wawaondoe vigogo wanaouza ajira, la sivyo uchaguzi ujao hatuwapigii kampeni.

Mwenyekiti wa chama chenu akacheka. "Dada, ya nyumbani hayasemwi barazani."

"Nyumbani tumegonga miaka mitano, mzee. Hakuna aliyefungua."

Wafumaji wakapiga meza. Mwenyekiti akadai majina. Yalikuwa manne, na la tatu lilikuwa lako. Karatasi nilikuwa nayo peke yangu, ningeweza kuliruka. Nililisoma, kisha nikalirudia ili wa nyuma wasikie.

Tangu hapo situlii. Leo nimefagia uwanja mara tatu. Mama hajui. Njoo umwambie mwenyewe kabla majirani hawajatutangulia. Ukiwa na hasira, njoo nayo hivyo hivyo.

Mimi, mdogo wako.