Eusèbe Atarudi Jumamosi

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimechoka. Koo limekauka, magoti yanauma, na mvua imeninyeshea kutoka Nyawera mpaka mlangoni. Lakini tumemaliza ile riwaya ya mjane wa Norway! Miezi miwili kasoro wiki. Akina mama wamegawanyika vibaya. Colombe, mwenye atelier ya ushonaji, amesema yule mume alistahili kuzama kwenye barafu, na angekuwa wake angemsukuma mapema. Lucie amelia – si kwa ajili ya mume, kwa ajili ya mbwa. Chantal ameuliza kama naweza kumtafutia adresi ya mjane, amwandikie pole. Nikamwambia ni mtu wa kutungwa. Akasema hata hivyo, pole haiozi.

Ndivyo walivyo. Mwaka wa nne huu, kila Jumamosi saa nane: wao wanashona vifungo na pindo, mimi nasoma. Macho yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Vitabu vilitoka kwenye malle, sanduku kubwa, ya profesa mmoja aliyefariki; mke wake alitaka nafasi ya kuweka mahindi. Wanapenda karibu vyote. Kumbukumbu za jenerali mstaafu tu ndizo zilizowalaza usingizi, hata Colombe.

Tumeanza kipya. Mwanamke wa Peru anasimulia maisha yake mwenyewe, hakutunga. Kaka yake Eusebio alipanda mashua akashuka mto kwenda kuchimba dhahabu, akanyamaza. Kwenye atelier ameshakuwa Eusèbe. Colombe kauliza kama Peru iko mbele ya Kindu ama nyuma.

 Françoise aliacha kushona. Mwanawe Aganze alishuka kutoka Bukavu kwenda Sange na pikipiki ya watu, Machi 2018. Alipiga simu moja kutoka kule, basi. Nilimfundisha Kifaransa mtoto huyo. Alikaa banc ya nyuma darasani na alikuwa anacheka kabla mzaha haujaisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikusoma mbele. Kwa kawaida kurasa za Jumamosi nazipitia kabla, nisikwame kwenye maneno. Wiki hii nina kopi sitini na nane za kusahihisha, umeme unakuja na kuondoka utakavyo. Basi. Nitasoma papo hapo. Miaka thelathini na moja mbele ya ubao, sitashindwa na kurasa kumi na tano.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ole wangu.

Ukurasa wa 24. Nimeufikia huku nasoma kwa sauti, kikombe cha chai mkononi. Jicho likatangulia mdomo. Eusebio ametolewa mtoni, dada yake anamtambua kwa mkanda. Sentensi tatu tu! Nikainua kichwa kuvuta pumzi. Françoise alikuwa ananitazama mdomoni, sindano iko hewani, kama mzazi anayengoja nitaje jina la mtoto wake siku ya proclamation, matokeo yakisomwa.

Nikasema: na siku ile barua ikafika.

Sijui ilitoka wapi. Barua ya Eusèbe! Yuko hai, amevunjika mguu, masista wanamtunza huko chini ya mto, anawasalimu wote. Nikafunga kitabu haraka nikasingizia koo.

Kelele gani hiyo! Vigelegele mpaka barabarani. Colombe alipiga mashine ya kushona kofi. "Nilibaambia! Nilibaambia ule mutoto iko muzima!" Lucie alipiga magoti katikati ya vipande vya kitenge. Mwenye duka la dawa la jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Françoise hakupiga kigelegele. Alirudia pindo lake. Baadaye, wakati wenzake wanakunja nguo, akanisogelea. "Mwalimu, ile barua ilikamata miaka ngapi mu njia?"

Nikasema sita.

Kwa nini nilisema sita?

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa ya kwanza, uwanjani, watu wanaamkiana kwa habari za Eusèbe. Mama mmoja ambaye hajawahi kukanyaga atelier kaniuliza kama mguu unaendelea vizuri. Nikasema unaendelea.

Nilimtafuta Françoise nimwambie. Nimemkuta anacheka na Chantal. Anacheka! Ameanika godoro la Aganze juani asubuhi, kabla ya kuja kanisani, ananiambia mwenyewe, kama mtu anayesema ameosha masufuria. Nikamwambia mvua itanyesha, aliondoe.

Hilo tu ndilo nililosema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nafungua kitabu. Nageuza kurasa za maziko, moja moja, kwa wakati wake, wasishtuke. Mdomo unatoa kitabu kingine kabisa. Masista, gongo la mti, dada anayepanda mashua kwenda kumchukua kaka yake. Mamba pia, kwa sababu ilikuwa imebaki nusu saa.

Walikuwa kumi na saba leo. Wengine wamesimama mlangoni na watoto mgongoni. Kwenye mamba walishikana mikono. Colombe amesema hajawahi kusikia kitabu kama hiki tangu tuanze, cha Norway kikae pembeni. "Uyu muandikaji anajua bantu! Unaweza sema alikalaka apa kwetu Kadutu!"

Niliona aibu. Na niliona kitu kingine, nakiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayekisoma: nilifurahi. Nimetumia maisha yangu kusahihisha insha za wengine. Hakuna aliyewahi kushikana mikono kwa ajili ya sentensi yangu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii yangu imekuwa ndefu, na ina mashimo mengi kuliko barabara ya Walungu. Nimechoka. Usiku naamka najiuliza masista wale niliwapa majina gani.

Jumatano, 23 Oktoba

Françoise alikuja shuleni saa ya mapumziko. Alikaa kwenye kiti cha wazazi, mkoba magotini.

Kila mwaka parokia inagawa karatasi za marehemu. Familia inaandika majina ya watu wake, karatasi inawekwa kwenye kikapu mbele ya altare tarehe 2 Novemba, misa ya saa kumi, na majina yanaombewa mwezi mzima. Mashemeji zake wanamsukuma tangu zamani amwandike Aganze. Kila Novemba amekataa. Hayo nilikuwa nayajua.

Nililokuwa silijui: mwaka huu alikuwa amekubali. Mwezi wa tisa alienda mwenyewe kumwomba abbé, padri wa parokia, karatasi mapema, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira, chumbani. Alikuwa amechoka kugeuka kila pikipiki inaposimama. Alitaka kumlilia mtoto wake mara moja, vizuri, kisha alale.

"Kisha ukatusomea ile barua, mwalimu. Nikamurudishia abbé karatasi yake."

Na sasa anataka kushuka Sange mwenyewe, aulize kwenye maparking ya pikipiki, kwa masista, hospitalini. Wiki ya pili ya Novemba. Peke yake, na njia ile, na hali ya usalama ilivyo! Nikamwambia asiende, njia si nzuri. Akanijibu kwa upole kwamba dada ya Eusèbe alipita katikati ya mamba.

Mamba niliwaweka mimi. Kengele ikalia. Nikaingia darasani na kufundisha sarufi ya subjonctif kwa sauti ya mtu mwingine.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nilikuja kumuua.

Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi. Mguu unaoza, homa inapanda, Eusèbe anakufa kitandani kwa masista, dada yake amemshika mkono. Uongo, lakini uongo unaofika mahali kitabu kinapofika. Françoise angelia na wenzake, angeenda kwa abbé, angebaki Bukavu.

Nilifika mpaka kwenye homa. Lucie akaziba masikio. Colombe akasimama na mkasi mkononi: "Eeh, mwalimu! Akikufa uyu, mi nafunga atelier!" Wakacheka, lakini kicheko cha kuogopa. Françoise alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakunitazama. Alitazama sakafu, kama mtu anayesikiliza hatua za anayekuja.

Nikampa Eusèbe dawa ya kinini. Homa ikashuka. Vigelegele! Nikawaambia mashua inaondoka, Jumamosi ijayo anafika nyumbani. Mimi ni mwoga. Hiyo ndiyo kweli yote na haina sura ya pili.

Halafu Françoise akaomba kitabu. Hawezi kungoja wiki. Joviale, binti yake, anasoma Kifaransa chuoni, atamsomea nyumbani. Sheria niliiweka mwenyewe mwaka wa kwanza: kitabu chochote kinaweza kwenda nyumbani wiki moja, bila maswali. Wote walikuwa wanatazama. Nikampa. Alikifunga kwenye kitambaa cha kichwa kama mkate wa moto.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimekutana na Joviale mbele ya duka la fotokopi. "Bonjour, maman." Akanisalimia hivyo tu, akainamisha macho, akavuka barabara.

Sikula.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Baada ya misa nilikwenda kwa Françoise kuungama. Njia nzima nilijifunza maneno. Alinipokea vizuri, akanipa chai na viazi vitamu. Kitabu kiko mezani, ndani ya kitambaa kilekile. Godoro la Aganze limerudishwa ndani, limekunjwa, limefungwa kamba.

Tukazungumza maharagwe, yanavyoota vibaya mwaka huu. Tukazungumza mvua. Joviale akatoka akatuacha. Nikaanza: Françoise, ule ukurasa –

"Kunywa chai, mwalimu. Kesho njo Jumamosi."

Nikanywa. Nimefundisha watoto zaidi ya elfu mbili kusema kweli ubaoni, na nikanywa chai.

Jumamosi, 2 Novemba

Saa nane kasoro robo. Naandika nikiwa atelier, daftari juu ya mashine ya Colombe.

Nilikuja mapema, nikidhani nitakuwa peke yangu. Françoise alikuwa amenitangulia, kwenye benchi la dirishani, amevaa kitenge cha misa. Akanirudishia kitabu.

"Joviale alinisomea yote. Ile page, mara tatu."

Nikasema nisamehe. Akainua kiganja, bila hasira, kama anayemzuia mtoto asimwage maji.

"Ile siku nilikuangalia mu mudomo. Nikaona macho yako inasimama. Nilijua kama kuko kitu, mwalimu. Nikakataa kujua." Akafungua mkoba. "Nililala muzuri wiki mbili. Aksanti."

Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi.

Kisha akatoa karatasi ya abbé – amekwenda kuiomba tena – na kalamu ya bic. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa Joviale: Eusèbe. Mstari wa pili mtupu.

"Joviale alikuwa analia, sikusikia muzuri. Soma weye. Vile mwenye kitabu aliandika, mbele ya bote. Nikiisha kusikia, njo nitaandika."

Nikamuuliza kama anaweza kuacha mpaka wiki ijayo. Akasema misa iko saa kumi.

Wanaingia sasa. Mungu wangu, wanaingia na masufuria! Colombe ana samaki wadogo wa sambaza na sombe ya majani ya muhogo, Chantal ana bugali kwenye kitambaa cheupe na kitenge kipya mwilini. Anasema mtu aliyetoka mbali hapokelewi na nguo za kazi. Lucie ameleta maua ya uwanjani kwake. Kumbe wamejipanga wiki nzima. Wamesogeza mashine ukutani, wamepanga viti duara, na wameacha kimoja wazi karibu na mlango. Hakuna anayeketi hapo. Mtoto mmoja alijaribu, wakamwondoa.

Ishirini na watatu. Nimewahesabu ili nisiwatazame usoni.

Nimefungua ukurasa wa 24. Sentensi tatu. Nimezijaribu kichwani kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nizione. Si ngumu. Hakuna neno hata moja la kutafuta kwenye kamusi.

Colombe anauliza naandika nini tena, watu wana njaa, mashua imefika ama bado? Wote wanacheka. Mtu ameanza kigelegele, wanamwambia angoje.

Françoise ameweka karatasi juu ya goti. Amefungua bic. Ananitazama mdomoni.